Kabla Uzi Haujafungwa

Kitale,
4 Machi 1951

Mama Wekoye,

Kaa chini kwanza, mweke mtoto kando, usome pole pole. Mama yako ni mzima. Alipasuliwa jana asubuhi, na leo ameletewa uji wa hospitali akaukataa kwa sababu si wa wimbi. Mtu anayechagua uji hayuko karibu na kufa.

Kilichokuwa kinamuuma chini ya mbavu si uzee, kama kaka yako Mukhisa alivyodai. Ni mfuko wa nyongo. Huo ni mfuko mdogo unaokaa chini ya ini, na wake ulijaa vijiwe na ulikuwa umeanza kuoza. Bwana Daktari alisema wangechelewa siku mbili ungepasukia ndani. Sasa umetolewa wote. Vijiwe kumi na vinane nimevitia ndani ya chupa ya dawa, mtavipokea pamoja naye. Tafadhali usivitembeze kwa majirani.

Najua swali lako, kwa hiyo nakujibu kabla hujaniuliza. Sikuingia chumba cha upasuaji. Mkwe hawezi kuingia mahali mama mkwe wake amelazwa bila nguo, hata kama mkwe huyo ni dresa, msaidizi wa daktari, aliyefanya kazi miaka tisa na ana cheti ukutani. Kagwe ndiye aliyemsaidia daktari. Mimi nilikuwa stoo nakunja bandeji. Hata wodini sifiki. Namuuliza nesi Chemutai habari zake mlangoni, nikiwa nimetazama ukuta.

Msalimu Wekoye. Mwambie baba anataka kusikia ameacha kula udongo.

Mumeo,
Wabwile


Bungoma,
19 Machi 1951

Baba Wekoye,

Mama amefika juzi kwa basi, amenyooka kama askari, na jambo la kwanza alilofanya ni kulalamika kwamba nimefagia uwanja vibaya. Basi nikajua kweli mmenirudishia mama yangu. Kovu ameniruhusu niliangalie mara moja tu. Limenyooka vizuri kuliko pindo za mshonaji wetu hapa sokoni.

Vijiwe nimeviona. Nilivionyesha kwa majirani wawili tu. Watatu.

Ameniuliza ni nani alikuwa na daktari siku ile. Nikamwambia ni Mkikuyu mmoja mpole anayeitwa Kagwe, na kwamba wewe ulikaa stoo kama mkwe mwenye adabu. Akavuta leso usoni, kama anavyofanya kila jina lako likitajwa, akasema, "Haya." Mama yangu akisema haya ujue kuna jambo, lakini sikulichimba. Miaka saba umenioa na hamjawahi hata kushikana mikono. Ukiingia kwa mlango wa mbele yeye anatokea wa jikoni. Wakati mwingine nawaonea huruma nyote wawili, halafu nakumbuka ninavyofurahi kwamba hamwezi kuungana kunisema.

Nimempa dereva wa basi kuku mwekundu. Ni wa Kagwe, si wako. Mama mwenyewe ndiye aliyemchagua.

Mkeo,
Nekesa


Kitale,
25 Machi 1951

Mama Wekoye,

Kuku amefika. Kagwe amesharudi kutoka Kachibora, alikokwenda kumwona mkewe aliyejifungua, nami nimemkabidhi. Amefurahi sana, anasema asante.

Msitume kitu kingine. Hapa kazi ni nyingi. Mwambie mama yako asinyanyue debe la maji kabla ya miezi mitatu.

Wabwile


Bungoma,
9 Aprili 1951

Baba Wekoye,

Nakuandikia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Mama amegeuka rangi. Ilianza machoni, nikadhani ni moshi wa jikoni. Jumapili kanisani jua likampiga usoni nikaona ni manjano, na sasa hata viganja ni manjano. Anajikuna mchana na usiku. Jana nilimkuta nyuma ya nyumba anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi mpaka damu inatoka, na aliponiona akalificha kama mtoto aliyeiba sukari.

Dresa wa zahanati hapa anasema ni homa ya ini, ati iko nyingi mwaka huu. Ametuambia apumzike, anywe maji ya sukari, asile mafuta. Basi anakunywa sukari. Lakini anakonda, na sauti yake imepungua.

Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Niambie kwamba huyo dresa anasema kweli, nilale.

Nekesa


Kitale,
12 Aprili 1951

Mama Wekoye,

Barua yako imefika leo saa nne na nimekaa nayo mpaka sasa jioni. Nina jambo la kukuuliza na sijui mtu mwenye adabu analiandikaje. Nimeanza karatasi tatu nikachana.

Nakuuliza kama dresa, si kama mkwe. Jifanye barua hii imetoka kwa mtu usiyemjua. Choo chake kina rangi gani? Na mkojo? Usimuulize yeye, hatakuambia. Angalia mwenyewe, leo hii. Kama choo kimepoteza rangi, kikawa cheupe kama majivu au kama udongo wa kupaka nyumba, na mkojo ni mweusi kama chai isiyo na maziwa, basi si homa ya ini ya zahanati, na sukari haitasaidia kitu.

Nijibu kwa haraka. Tafadhali, usikasirike kwanza, nijibu kwanza.

Wabwile


Bungoma,
15 Aprili 1951

Wabwile,

Nimekasirika kwanza.

Nilikuwa naisoma barua yako kwa sauti, kama tunavyosoma zote, mama amelala pale kwenye mkeka na Mukhisa ameketi kwenye kiti chako. Nilitamka neno lile nikakwama. Mukhisa akaninyang'anya karatasi akaimalizia mwenyewe, kimya, bahati nzuri. Kisha akasema, "Huyu bwana amekaa na Wazungu mpaka amesahau mama wa mke ni nani. Si bora angekuja tu amvue nguo barabarani, bana?" Mama alisikia. Aligeuka akatazama ukutani na hajageuka tena mpaka saa hii ninapoandika.

Sitaangalia. Hataki hata nimsindikize chooni, anajikokota peke yake na fimbo. Nikimfuata leo baada ya aibu uliyomtia, atajua umenituma.

Jumamosi tunampeleka Lwakhakha kwa mzee mmoja anayetibu manjano kwa mizizi. Mukhisa ameshapanga. Utasema ni ujinga. Sema.

Na kuna jambo jingine linalonikuna mimi. Katika barua ya kuku uliandika kwamba Kagwe alirudi kutoka Kachibora. Alikuwa ameenda lini, Wabwile? Nilikutana na dada wa mke wa Kagwe hapa sokoni, anauza viazi. Anasema mtoto alizaliwa tarehe mosi Machi, na Kagwe alikuwa huko Kachibora tangu tarehe mosi, akakaa wiki nzima. Mama alipasuliwa tarehe tatu.

Nekesa


Kitale,
17 Aprili 1951

Nekesa,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimemwambia asiitoe kwa mtu yeyote ila wewe. Isome peke yako. Ndani yake kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Hiyo usiifungue.

Kagwe hakuwapo. Niliingia mimi.

Siku ile kulikuwa na dresa wawili tu katika hospitali nzima wanaojua kazi ya kumsaidia daktari kupasua tumbo, na mmoja alikuwa Kachibora. Ningekataa, wangesubiri wiki, na mama yako hakuwa na wiki. Ningeweza kumwambia Bwana Daktari kwamba huyu ni mama mkwe wangu. Sikumwambia, kwa sababu niliogopa atacheka, au atasema mila zetu zinaua watu. Basi nikavaa vazi, nikanawa mikono, nikasimama upande wa pili wa meza. Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa shuka. Nilijiambia kwamba hayuko, kwamba ni tumbo tu kama matumbo mengine.

Sasa nikueleze kazi yangu pale ilikuwa nini, maana hapo ndipo penye kosa. Mfuko wa nyongo una shingo nyembamba, na shingo hiyo inaungana na mrija mkubwa unaotoa nyongo kwenye ini kuipeleka kwenye utumbo. Dresa anaushika mfuko kwa koleo na kuuvuta juu ili daktari aione shingo, aifunge kwa uzi, kisha aikate. Lakini ukivuta sana, mrija mkubwa nao unainuka pamoja na shingo. Daktari kutoka upande wake hawezi kuuona. Uko upande wa dresa. Kwa hiyo kabla uzi haujafungwa, dresa analegeza mkono, anatazama, na akiona mrija mkubwa umerudi mahali pake anasema, "Imelala." Ni neno la Kiswahili ambalo Bwana Daktari analitaka kila mara. Bila neno hilo hafungi.

Nilishika koleo nikavuta. Nilivuta kwa nguvu, kwa sababu nilitaka ile saa iishe. Macho yangu yalikuwa ukutani, kwenye saa na ndoano ya makoti, tangu koleo liliposhika mpaka mwisho. Daktari akasimama na uzi, akangoja. Nikasema imelala. Sikulegeza, Nekesa, wala sikutazama. Nilisema tu kama mtu anavyoitikia amina akiwa usingizini.

Nadhani uzi ule ulishika ubavu wa mrija mkubwa. Haukuuziba wote, ndiyo maana alirudi nyumbani vizuri. Lakini mahali pale pamekuwa kovu, kovu linakaza kila siku, na nyongo imekosa njia. Inarudi kwenye damu. Ndiyo manjano hayo na kujikuna. Hakuna mzizi Lwakhakha wala Kapsokwony unaoweza kufungua uzi.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini kwa Bwana Daktari nikamwambia yote. Akauliza, "Ulisema imelala?" Nikasema nilisema. "Ulitazama?" Nikasema sikutazama. Akavua miwani akaifuta, akasema, "Nilikuona unatazama ukuta. Nilidhani umechoka. Nilipaswa kuuliza." Kisha akaniambia niketi. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kuketi ofisini mwake.

Yeye ameandika kwa daktari mkubwa wa upasuaji Kampala, na mimi ameniambia niandike yangu kwa mkono wangu: koleo lilikaa wapi, nilivuta upande gani, uzi uko umbali gani kutoka ini. Zote mbili zimo ndani ya hiyo bahasha. Treni ya Kampala inapita Bungoma kesho jioni. Mpande. Usimngoje Mukhisa akubali. Siku mama yako anazosubiri ndizo zinazomwua.

Mimi sitaingia tena chumba cha upasuaji. Bwana Daktari ameshanitoa, na ni haki. Nimewekwa kuchemsha vyombo. Hilo si kitu. Ninaogopa, Nekesa. Ninaogopa hata kuandika jina lake.

Wabwile


Bungoma,
18 Aprili 1951, saa nane mchana

Nimemfuata chooni. Alinifukuza na fimbo nikakataa kuondoka. Ni cheupe. Ni kama ule udongo tunaopaka ukutani, kama ulivyosema.

Mama nimemwambia tu kwamba tunakwenda Kampala. Mukhisa nimemsomea barua yote. Akatoka nje akapasua kuni mpaka zikaisha, kisha akaja akambeba mama mgongoni mpaka stesheni. Anasema mama akifa, ukoo utakuita, na atakayekuja kukuchukua ni yeye.

Mimi sijui ninasema nini. Ulinidanganya kwa mkono huohuo uliomwandikia mtoto salamu. Kuku yule, Wabwile. Mama alimchagua kwa siku mbili.

Usije Kampala. Usiandike. Nikiwa na la kukuambia nitakuambia.

N.


Kitale,
6 Mei 1951

Mama Wekoye,

Umesema nisiandike. Leo ni siku ya kumi na nane.

Kila basi la Bungoma likiingia nasimama pale. Dereva sasa ananikwepa, anapiga honi anapita. Kagwe anajua yote, nimemweleza, pamoja na sababu ya yeye kupewa kuku. Jioni alikuja na jogoo kutoka kwao, akamfunga mguu wa meza yangu, akasema, "Wapelekee wenyewe." Jogoo bado yuko. Anawika kila alfajiri na sina moyo wa kumchinja wala wa kumtuma.

Nakuomba neno moja tu. Kama amefariki, andika amefariki. Kama yuko, andika yuko. Usiweke salamu, usiweke jina langu.

Wabwile


Kampala,
24 Mei 1951

Kwa mkwe wangu,

Anayeandika hapa ni Agneta, binti wa Kimilili anayesomea unesi katika hospitali hii kubwa, lakini maneno ni yangu. Nekesa nimemtuma sokoni atafute ndizi ambazo sizihitaji. Sitaki yeye aandike haya.

Hii ni mara ya kwanza mimi kukuambia neno, na nimelala chali, na sina leso ya kuvuta. Basi tuvumiliane.

Mimi niko. Macho yangu yamerudi meupe, Agneta ananiletea kioo kila asubuhi ili nihakikishe. Kujikuna kumeisha. Daktari wa hapa aliisoma karatasi yako mara mbili kabla hajanikata, na akaenda nayo mpaka mezani. Baadaye alimwambia Agneta anieleze kwamba uzi aliukuta palepale mwenye karatasi aliposema. Nyama zilikuwa zimegandamana, angetafuta saa nzima, na mimi sikuwa na nguvu ya saa nzima. Alikata kipande kilichoharibika, akauunganisha mrija na utumbo. Anasema mahali pale paweza kukaza tena, mwaka huu au miaka kumi ijayo, hajui. Nimemwambia hata mimi sijui nitakufa lini, kwa hiyo tuko sawa.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia binti yangu.

Siku ile Kitale waliponiwekea ile dawa ya usingizi usoni, sikulala mara moja. Nilisikia Mzungu ameuliza kitu, na mtu akajibu, "Tayari, bwana." Ilikuwa sauti yako. Nimeisikia miaka saba kupitia ukuta wa jikoni ikiomba mchuzi uongezwe. Ningeweza kuinua mkono. Ningeweza kusema huyu simtaki, mwiteni mwingine. Nikafikiri, nikisema atajua kwamba najua, na aibu hiyo tutaiweka wapi? Nikanyamaza. Nikajiambia huyu ni mtu wa kazi, atafanya kazi yake.

Nekesa aliposema ni Kagwe, nilisema haya. Nilimchagua kuku nikijua anakwenda kwa mtu ambaye hakunigusa. Na manjano yalipoanza, choo changu nilikiona kwa macho yangu majuma mawili, kila siku, na sikumwambia mtu. Ulipouliza katika barua yako nilisikia, Nekesa alisoma nusu yake kwa sauti. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwangu. Niligeuka ukutani.

Basi usibebe yote peke yako. Wewe uliniogopa mimi na mimi nilikuogopa wewe, tukamfanya Mzungu yule kipofu wa tatu. Lakini usidhani nimekusamehe kwa sababu nimesema hivi. Uchungu nilioupata ni mwingi na nilidhani nitamwacha Wekoye hajanijua. Bado nina hasira nawe. Nikiona umri wangu nadhani itachukua kama mwaka.

Mukhisa anataka ukoo ukae kukuhukumu. Nimemwambia watakaa wakishanizika, na sijazikwa. Nekesa analia usiku, na mchana anakutukana, kwa hiyo ninajua atarudi kwako.

Tunarudi kwa treni ya tarehe mbili Juni. Ubavuni mwangu kuna mpira mwembamba unaotoa nyongo na kuiingiza kwenye chupa, na utakaa humo miezi mitatu. Daktari anasema lazima usafishwe kila siku na mtu anayejua, maana ukiziba au ukivutwa, kazi yote imeharibika. Bungoma hakuna anayejua. Yule wa zahanati atanipa sukari. Nekesa amenisomea barua zako zote hapa, hata ya jogoo iliyotufuata kutoka Bungoma, na nimesikia wewe siku hizi unachemsha vyombo tu. Omba likizo, uje.

Utaingia kwa mlango wa mbele. Mimi sitatokea wa jikoni. Nitakuwa nimelala kwa ubavu wa kushoto na nguo nitakuwa nimeifungua mwenyewe. Nekesa atashika taa. Utanawa mikono, utapiga magoti, na utatazama. Ukitazama ukuta, nitajua.

Na umlete huyo jogoo.

Mama mkwe wako,
Sellah Nanjala
(alama ya kidole gumba chake)